Ngazi ya Kaplan na Meier

Grafu ya uhai ya Kaplan na Meier, iliyochapishwa mwaka 1958, huchorwa kama ngazi, na macho ya wengi hukimbilia inaposhuka. Ufundi wake mimi nauona kwenye vistari vidogo vya wima vilivyotiwa juu ya ngazi hiyo bila kuishusha.

Edward Kaplan, katika maabara za Bell huko Marekani, alikuwa akichunguza umri wa vali zinazokuza sauti kwenye nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari. Paul Meier alishughulika na wagonjwa wa saratani. Kila mmoja alikuwa na makala yake, wakashauriwa waziunganishe. Mstari uleule ukabeba vali iliyoungua na mgonjwa aliyefariki.

Tuusome taratibu. Wagonjwa ni 10, mstari unaanzia 1, yaani wote wako hai. Akifa mmoja, unashuka hadi 0.9. Kisha wawili wanahama mji wakiwa hai: mstari unakwenda sawa, unatiwa vistari viwili tu. Wamebaki 7. Akifa mwingine, anahesabiwa kati ya hao 7, kwa hiyo 0.9 mara 6/7, kama 0.77. Kifo cha kwanza kimeshusha ngazi kwa 0.10, cha pili kwa karibu 0.13. Waliohama hawakufutwa, wala hawakuzikwa kabla ya wakati wao. Muda wote walioonwa na daktari umeingia kwenye hesabu. Naipenda sana heshima hiyo kwa habari iliyokatika njiani.

Basi mchoro unaochapishwa bila vistari, na bila idadi ya waliobaki chini yake, unamnyima msomaji haki yake. Mwishoni, wakibaki wawili, kifo kimoja hukata urefu uliosalia nusu kwa nusu, na ngazi huonekana imeporomoka.

Lakini umbo hili linategemea sharti ambalo jicho halilioni: kwamba aliyeondoka ana hatari sawa na aliyebaki. Vali iliyozimwa kwa sababu muda wa jaribio umekwisha hutimiza sharti hilo. Binadamu hana uhakika huo. Katika kliniki za dawa za VVU barani Afrika, watoro walipofuatiliwa hadi makwao, wengi walikutwa wameshafariki. Kwenye grafu walikuwa bado vistari vya wima, na mstari ulikuwa umekaa juu kuliko ilivyostahili.