Mtumbwi Unaokunywa

Maji hayaharibu mtumbwi wa mbao kama mapumziko yanavyouharibu. Nilijifunza hilo mwaka 2020 kwenye mwalo mmoja wa Musoma, kwa mjomba wangu aliye fundi mitumbwi, na mwaka huo mimi mwenyewe nilikuwa nimepumzika kuliko chombo chochote pale ufukweni.

Shule zilifungwa Machi 17, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini. Kwingineko watu walifungiwa majumbani. Sisi hatukufungiwa. Hapa Kiabakari haisi ziliendelea kupita, ndoo za maji ya kunawa zikakaa milangoni mwa maduka, na mwalimu asiye na wanafunzi akawa anaizunguka nyumba yake kama kuku anayetafuta pa kutaga. Mke wangu akanishauri niende ziwani nikamsaidie mjomba. Nadhani alitaka kupumua.

Nikapanda haisi, nikapita Makutano, nikamkuta mjomba kaegemea mtumbwi uliopandishwa juu ya magogo. Ulikuwa wa kuvulia sangara. Ndege za kwenda Ulaya zilipopungua, soko la minofu lililegea, mwenyewe akaona auweke nchi kavu asubiri neema. Kwa huruma akaujengea kibanda cha mabati usinyeshewe. Huruma hiyo ndiyo iliyouumiza.

“Karibu, Mwalimu,” mjomba alinicheka. Huku Mara jina hilo lina mwenyewe, naye amelala Butiama; sisi wengine tunaliazima tu.

Akaniambia nijilaze chini ya mtumbwi nitazame juu. Nikaona mwanga ukipenya kwa mistari myembamba, ubao hata ubao. Mbao ikiwa majini hunywa, ikavimba, ikabanana na jirani yake. Ikikauka husinyaa, na pamba iliyoshindiliwa kwenye maungio ikabaki inaning'inia. Nikataka kuonyesha kwamba nimesoma, nikamkumbusha kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Akatikisa kichwa. “Huo wa watu wa nchi kavu, mjomba. Majini hakuna pa kuanzia ukuta.”

Kazi huanza kwa sikio. Alipita akigonga ubao mmoja mmoja kwa mpini wa nyundo, kichwa kakiinamisha. Ubao mzima hujibu kwa mlio mkavu; uliooza hujibu kwa uzito, kama papai lililoiva. Alipofika penye uzito alichora alama ya mkaa akapita, bila neno. Kisha tukaichokonoa pamba kuukuu, tukasafisha maungio, akaanza kuisokota pamba mpya juu ya paja mpaka ikawa kamba laini. Pamba hulimwa hapahapa, upande wa Bunda. Nilikuwa nimeipita mashambani maisha yangu yote nikiihesabu kuwa nguo, kumbe ni ukuta kati ya mvuvi na kina.

Watu wa pwani wana jina zuri la kazi hii, kukalafati, na patasi butu ya kushindilia wanaiita chembeu. Mjomba anasema “kuziba” basi, na patasi yake haina jina. Lakini mkono wake una kipimo ambacho sijakiona kwenye rula yoyote. Mimi nilishindilia kwa bidii ya mwanafunzi mpya, nikaongeza pamba juu ya pamba. Akanishika kifundo cha mkono.

“Mwalimu, acha nafasi ya maji. Mbao zikivimba, pamba hii itakwenda wapi? Itang'oa misumari. Nusu ya kazi ni yangu, nusu ni ya ziwa.”

Ziwa halikungoja kuitwa. Mvua zilikuwa zimezidi, na Mei mwaka huo Victoria likapanda kufikia kimo ambacho halikuwa limekifikia tangu 1964. Kila asubuhi maji yalikuwa karibu zaidi na kibanda, mpaka tukavunja mabati na kuusukuma mtumbwi mahali ambapo mwezi uliopita palikuwa pa kuanikia dagaa. Ukavuja kama kikapu. Nikatazama kazi ya wiki zangu nikaona aibu. Mjomba akaokota mawe, akayapanga ndani, akauacha ushuke taratibu hadi ukakaa chini, maji yakiwa ya kiunoni.

Asubuhi mwenye mtumbwi akaja, akaona ncha tu ya mbele imechomoza. “Mzee! Umeuzamisha mtumbwi wangu!”

“Haujazama,” mjomba alimjibu, akiendelea na chai yake. “Unakunywa.”

Siku ya tatu tukatoa mawe, tukayafua maji yote kwa madumu yaliyokatwa, tukaketi kusubiri. Nilipitisha kidole kwenye maungio ya sakafuni. Kidole kikatoka kikavu.

Shule zilifunguliwa Juni 29. Darasa langu lilirudi limekauka: sehemu wamesahau, kugawanya wamesahau, hata kukaa wamesahau. Mkono wangu ulitaka kushindilia miezi mitatu ndani ya wiki moja. Badala yake nikapita dawati kwa dawati na swali dogo kwa kila mtoto, nikisikiliza mlio, penye uzito nikiweka alama daftarini. Kisha nikawapa hesabu rahisi wafanye wawili wawili, kwa kelele zao wenyewe, nikakaa nyuma.

Mwalimu mkuu akasimama dirishani. “Mwalimu, mbona hufundishi?”

“Wanakunywa,” nikamjibu.