Kiambishi cha Sharti katika Kitabu cha Mipaka ya Ukuaji

Kitabu The Limits to Growth, kilichotolewa mwaka 1972 na Donella Meadows na wenzake watatu kwa ajili ya Klabu ya Roma, kimesomwa na wengi kama utabiri. Wanaokisifu husema kilionya kwamba mafuta ya petroli yatakwisha. Wanaokibeza husema hayakukwisha. Pande zote mbili zimekosea mahali pamoja: zimesoma -ta- pale ambapo maana ni ya -ki-.

Jedwali la madini ndilo lililozusha ubishi. Kwa mafuta, waandishi walichukua akiba iliyojulikana wakati ule, mapipa bilioni 455, wakatoa hesabu tatu. Matumizi yakibaki yalivyo, akiba itatosha miaka 31. Yakizidi kuongezeka kila mwaka kwa kasi ya wakati ule, miaka 20. Akiba ikiwa mara tano, huku matumizi yakiongezeka vilevile, miaka 50. Kila hesabu ina sharti lake. Mwenye kuliondoa sharti hilo hasomi tena kitabu, bali anasoma hofu yake au matumaini yake.

Somo zito limo katika hesabu ya tatu. Akiba imezidishwa mara tano, lakini muda haukufika hata mara tatu. Ndiyo tabia ya kila kiongezekacho kwa asilimia: hujirudufu, na marudufu ya mwisho humeza zaidi ya yote yaliyotangulia. Hoja hiyo haijavunjwa. Ni kweli kwamba leo akiba ya mafuta inayojulikana inazidi mara tatu ile ya jedwali, licha ya yote yaliyokwisha kuchomwa. Lakini hapa neno akiba lina maana ya kilichogunduliwa na kinachoweza kuchimbwa kwa faida, si vyote vilivyomo ardhini. Methali isemayo akiba haiozi yahusu kilichokwisha kuwekwa kwa mkono. Msomaji wa Kiswahili asipotahadhari, neno hilo litampotosha.

Udhaifu wa kitabu uko kwingine: kinaihesabu dunia kama nyumba moja, mchimbaji na mtumiaji wakiwekwa katika wastani mmoja. Shaba yatosha kuwa mfano. Jedwali lilipa madini hayo miaka 36, 21 na 48. Hesabu ya pili iliangukia mwanzoni mwa miaka ya 1990. Wakati huohuo, katika Mkoa wa Shaba, kama Katanga ilivyoitwa kuanzia 1971 hadi 1997, uzalishaji uliporomoka: Gécamines, iliyotoa zaidi ya tani 400 000 kwa mwaka katika miaka ya 1980, haikufikisha tani 50 000 mwaka 1994. Mtu angedhani utabiri umetimia. Lakini madini yalikuwa bado ardhini. Kilichokosekana ni fedha, utulivu na mitambo iliyotunzwa. Sehemu ya mgodi wa Kamoto ilikuwa imebomoka mwaka 1990. Mwaka 2023 nchi hiyohiyo ilitoa zaidi ya tani milioni 2 za shaba.

Familia za Likasi na Kolwezi, basi, zilifikia mpaka wao miaka mingi kabla ya mwamba kufikia wake. Mpaka huo haumo katika jedwali lolote la kitabu.

Atakayekifasiri kwa Kiswahili atapaswa kuchagua neno. Maendeleo hayamfai, kwa kuwa kiendeleacho hakidai mwisho. Ukuaji wamfaa zaidi: mti hukua, hukomaa, wala haulaumiwi kwa kutofika mbinguni. Na kila -ki- ailinde, kwa maana ndani ya sharti hilo ndimo ilimobaki nafasi ya binadamu kutenda.