Kumpata Anayejua Kuanzisha

Nahodha wa kikosi cha washangiliaji katika shule ya sekondari ya Marekani kwa kawaida huteuliwa Aprili au Mei, wakati viwanja vya futiboli vimelala na msimu mpya ungali mbali. Hukaa na cheo chake kiangazi kizima kabla hajasimama mbele ya watu Ijumaa ya kwanza ya msimu usiku, taa zikiwa zimewaka. Ugumu wa uteuzi unaanzia hapo: anatafutwa mtu wa kuongoza umati, na anatafutwa ndani ya ukumbi usio na umati. Makocha wa zamani walikuwa na namna zao za kuliziba pengo hilo. Siku hizi pengo huachwa wazi, na wengi hawalioni.

Macho ya mgeni huvutwa na sketi, vishada vinavyometameta na mabinti wanaorushwa hewani. Kazi ya nahodha iko kwingine, iko kwenye kuanzisha. Yeye ndiye anayechagua wito, anayeutaja kwa kikosi, anayetoa sauti ya kwanza na mwendo wake. Wito huenda kwa mapigo manane manane, na manane ya kwanza yakiharibika hakuna wa kuyaokoa. Akianzia juu mno, wenye sauti nzito wanamwacha njiani na wazee walioketi jukwaani wanafunga midomo kwa aibu. Akienda mbio, safu za juu zinapokea kwa kuchelewa, makofi yanagongana, wito unakufa kabla haujafika mwisho. Msukuma aliyekulia kwenye ngoma angemwelewa mara moja, maana manju naye hapimwi kwa uzuri wa sauti yake peke yake. Hupimwa kwa jinsi watu wanavyopata pa kuingilia.

Sauti yenyewe ina mtihani wake. Mechi ya sekondari ina robo nne za dakika 12, lakini kwa kusimamasimama kwake na mapumziko huchukua saa mbili na zaidi. Sauti ya kooni hukwaruza katika robo ya pili, na ikifika robo ya nne imekwisha. Sauti ya tumboni hudumu. Kocha aliyejua kazi hakuhukumu kwa wito wa kwanza, ambao kila mtahiniwa huutoa kwa nguvu zote. Aliwarudisharudisha kwenye wito uleule mpaka mwenye kelele nyingi amechoka, na yule mtulivu wa pembeni bado anasikika kutoka mlango wa mbali wa ukumbi.

Lililo gumu kuliko yote halionekani ukumbini kabisa. Nahodha huupa uwanja mgongo. Uso wake uko kwa watazamaji, na mchezo anaoushangilia unachezwa nyuma yake. Futiboli ya Kimarekani nayo si mchezo wa kupigiwa kelele wakati wote. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10, na kabla ya kila jaribio mchezaji anayeongoza mashambulizi huwapa wenzake ishara kwa sauti. Timu ya nyumbani ikiwa na mpira, umati wake unapaswa kutulia ili ishara zisikike. Wageni wakiwa nao, hasa katika jaribio la tatu, umati unapaswa kunguruma ili zisisikike. Nahodha anayeanzisha wito wa ulinzi wakati timu yake inashambulia huchekwa mpaka siku ya mahafali. Mchezaji akiumia, wito hukatwa katikati ya neno, na vikosi vingi hupiga goti mpaka majeruhi ainuke au atolewe.

Haya yote nahodha huyajua bila kuutazama uwanja sawasawa. Huyasoma kwenye nyuso: wazee wanaonyanyuka kidogo kwenye viti vyao, akina mama wanaoziba midomo, wanafunzi ambao mabega yao yameanza kushuka. Husikia filimbi na kujua kwamba jaribio limekwisha. Hugeuza shingo mara moja, akaiba alichokiona, akarudi kwa watu wake. Hujua pia wakati wa kutofanya lolote. Umati ukianza kuimba wenyewe, nahodha asiyekomaa hushindana nao. Aliyekomaa huufuata na kuuongezea makofi. Kipaji cha namna hii hakipatikani kwa kumwambia binti aruke mbele ya meza ya majaji. Hupatikana kwa kumtazama msimu mzima uliotangulia, akiwa bado mtu wa kawaida mwishoni mwa mstari, na kuona ni nani ambaye shingo yake hugeuka filimbi inapolia, na ni nani hugeuka kamera inapopita. Kocha aliyefanya hivyo alifika Aprili akiwa ameshamjua nahodha wake. Majaribio ya uteuzi yalibaki kuwa ya kuthibitisha.

Ufundi huu ni wa zamani kuliko sketi. Novemba 1898 Johnny Campbell, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alitoka kwenye kundi la watazamaji akasimama mbele ya wenzake na kuwaongoza washangilie kwa sauti moja, timu yao ikiwa imechoshwa na vipigo. Siku hiyo ndiyo huhesabiwa kuwa mwanzo wa ushangiliaji wa kuongozwa. Campbell hakuwa na kikosi wala mruko. Alikuwa na watu wa kumjibu. Kwa miongo kadhaa kazi ilikuwa ya wanaume, wala haikuonekana ndogo. Dwight Eisenhower aliifanya huko West Point baada ya goti lake kuharibika mchezoni, na George W. Bush aliongoza washangiliaji wa shule yake ya Andover, Massachusetts, katika miaka ya 1960. Wanawake waliingia Minnesota mwaka 1923, na Vita Kuu ya Pili ilipowachukua vijana wa kiume, waliobaki uwanjani walikuwa wao.

Kura ya wanafunzi wote ilikuwa njia iliyozoeleka ya kumpata kiongozi. Mtahiniwa alisimama mbele ya shule nzima, akaanzisha, na shule ikamjibu au ikanyamaza. Chuo Kikuu cha Texas A&M bado kinashika njia hiyo: viongozi wake watano wa shangwe, watatu wa mwaka wa mwisho na wawili wa mwaka wa tatu, huchaguliwa na wanafunzi wenyewe. Wanachokifanya kinaonyesha jinsi kazi ilivyokuwa. Hawarushi mtu. Hutoa ishara za mikono, watazamaji huzipokea na kuzipitisha nyuma safu kwa safu, na sauti hutoka kwa pamoja. Kabla ya mechi ya nyumbani maelfu hukusanyika saa sita usiku kufanya mazoezi ya kushangilia, jambo ambalo wageni huliona wazimu.

Njia ya kura haikuwa safi. Kura ilimpenda mwenye nywele nzuri na mwenye baba mwenye gari, na mahali ambapo walimu waliishika wao, ilikuwa mbaya zaidi. Katika mji wa Crystal City, kusini mwa Texas, wanafunzi wengi walikuwa Wamarekani wenye asili ya Meksiko, lakini jopo la walimu liliteua washangiliaji wanne kwa desturi isiyoandikwa: weupe watatu na mwenye asili ya Meksiko mmoja. Mwaka 1969 wanafunzi walichoka. Desemba ya mwaka huo walitoka madarasani, na miongoni mwa madai yao ni kwamba uchaguzi wa nafasi za wanafunzi uwe mikononi mwa wanafunzi. Januari uongozi wa shule ulikubali sehemu kubwa ya madai, na miezi michache baadaye chama kipya cha La Raza Unida kikashinda viti katika bodi ya shule. Siasa za mji mzima ziligeuka kwa sababu ya nafasi ya mtu wa kusimama mbele ya jukwaa na kuanzisha. Wanaoidharau kazi hii hawajasikia habari za Crystal City.

Mabadiliko mengine yalikuja kwa upole. Mwaka 1948 Lawrence Herkimer aliendesha kambi ya mafunzo huko Huntsville, Texas, yenye wasichana 52 na mvulana mmoja. Kambi zikaenea, mikono ikanyooka, miruko ikapata majina. Mmoja unaitwa kwa jina la Herkimer mpaka leo. Faida ya kambi hizo haina ubishi. Lakini manahodha waliokutana kambini walirudi makwao na wito uleule, na shule zilizokuwa na vilio vyao wenyewe, vyenye majina ya mito na matani ya mji jirani, zikaviacha vife. Kisha yakaja mashindano ya vikosi kwa vikosi, yenye maonyesho ya dakika mbili na nusu na muziki uliorekodiwa. Huko hakuna mpira, hakuna jaribio la tatu, wala hakuna umati wa kusomwa. Waliopo ni wazazi, nao wamekuja tayari wameshakubali.

Kwa haki, nahodha wa sasa amebeba mzigo ambao Campbell hakuujua. Binti anayesimamishwa juu ya mikono ya wenzake anaweza kuvunjika shingo, na anayeamuru "shusha" kabla unyanyuaji haujaharibika anahitaji ujasiri wa kuikatiza burudani mbele ya watu. Hapa walioko chini huona kuliko kocha. Wanaobeba humjua asiyepoteza utulivu, na yule anayekaa nyuma kudaka humjua anayelaumu wengine akikosea yeye. Kocha mwenye busara hawaulizi wamtaje nahodha, kwa sababu watamtaja rafiki. Huwauliza wangependa nani asimame nyuma yao wanapopanda juu, na majina hubadilika.

Uteuzi wa leo huendeshwa kwa fomu. Majaji hualikwa kutoka nje ili wasimjue mtu, wakatoa alama kwa miruko, kujibinua nyuma, mikono, tabasamu na sauti; kwa anayetaka unahodha huongezwa wastani wa masomo, barua za walimu, insha fupi na mahojiano. Sauti ni mstari mmoja kati ya mingi, nayo hupimwa kwa dakika chache katika ukumbi unaorudisha mwangwi, ambamo kila sauti husikika kubwa. Kusoma nyuso za watu hakuna mstari. Jaji wa nje, kwa kuwa haki yake ni kutomjua yeyote, hawezi kujua lile ambalo msimu mzima pekee ndio huonyesha.

Fomu ilikuja kwa sababu inaweza kuonyeshwa mzazi. Hofu ya ugomvi wa wazazi ina misingi: mwaka 1991, huko Channelview, Texas, mama mmoja alishtakiwa kwa kutafuta mtu wa kumuua mama wa binti aliyeshindana na bintiye kuingia kikosini. Hata pasipo wazimu wa kiasi hicho, kila Mei ina mzazi anayefika ofisini kuuliza kwa nini si mwanawe. Wastani wa alama unamjibu. Kocha anayesema "nimemsikia msimu mzima, ni yeye" hana karatasi mkononi, na mwalimu mkuu asingependa kumtetea.

Shule zisizotaka ugomvi zimepata dawa nyingine, nayo ni kuteua manahodha wawili, watatu, wakati mwingine wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho. Cheo hakimnyimi mtu tena. Lakini uwanjani jaribio la tatu halingoji kikao: mmoja anataja wito huu, wa pili ameshaanza ule, kikosi kinageuka kushoto na kulia, na mpira umekwisha kuchezwa. Kazi ya kuwaambia watazamaji lini wapige kelele imechukuliwa na mtangazaji wa kibandani na ubao wa matokeo, unaowaandikia kwa herufi kubwa.