Ganda Bebaji: Fani ya Tembo wa Karatasi

Sanamu ya tembo iliyosimama katika ukumbi wa shule moja ya Nairobi, zao la mradi wa sanaa wa wanafunzi wa Gredi ya 8, inamfikia mtu mzima kifuani, na malighafi yake ni magazeti ya zamani, wavu wa kuku na gundi ya unga wa ngano. Kazi hii inastahili usomaji uleule tunaoupa utenzi, yaani usomaji unaouliza kila kiungo kimewekwa pale kilipo kwa sababu gani. Umbuji wake, kwa maoni yangu, unatokana na mapatano kati ya kanuni mbili: kanuni ya karatasi iliyolowa, ambayo hufura na kusinyaa, na kanuni ya mwili wa tembo, ambao hubeba uzito mkubwa juu ya nguzo nne. Pale kanuni hizo zinapopatana sanamu inasadikisha, na pale zinapoachana jicho la mtazamaji hukwama.

Tuanze na kiunzi, kwa kuwa uteuzi wa mnyama wenyewe ni uamuzi wa kifani. Mifupa ya miguu ya tembo imepangana karibu wima chini ya kiwiliwili, hivyo fito zilizonyooka, ambazo zingemfanya swala aonekane amekakamaa, hapa zinaafikiana na anatomia. Tembo aliye hai huelemea zaidi miguu ya mbele, inayobeba kichwa, pembe na mkonga. Nao waundaji, kwa kuusogeza mguu mmoja wa mbele hatua moja, wamepanua kitako cha sanamu na papo hapo wakampa mnyama mwendo. Mkonga ndio fumbo la kiunzi hiki. Katika maumbile hauna mfupa hata mmoja, ilhali katika sanamu ndio uliohitaji waya mnene kuliko sehemu nyingine zote. Ncha yake imekunjwa kuelekea kinywani, mkunjo unaorudisha uzito karibu na kifua na wakati huohuo kuonyesha tendo la kula, kiasi kwamba huwezi kutenga mahitaji ya mizani na mahitaji ya maana.

Ufundi wa juu zaidi, hata hivyo, umo katika upangaji wa matabaka. Karatasi imechanwa kwa mkono, haikukatwa kwa mkasi, na tofauti hiyo inaonekana usoni mwa kazi: ukingo uliochanwa una nyuzinyuzi nyembamba zinazozama katika kipande jirani, ilhali ukingo uliokatwa huacha tuta. Gazeti huchanika kwa kunyooka upande mmoja na kupindapinda upande wa pili, kwa sababu nyuzi zake nyingi zimelala kuufuata mwelekeo wa mashine iliyolitengeneza. Waundaji wameitumia sifa hiyo kama mtunzi atumiavyo vina, wakilaza tabaka moja kwa urefu wa mwili na lifuatalo kwa mkingamo, tena wakipishanisha gazeti na karatasi ya kaki ili jicho lijue tabaka limekomea wapi. Kila tabaka limengojewa likauke kabla ya jingine kuja, maana unyevu ukifungiwa ndani huzaa ukungu. Katika kukauka karatasi husinyaa, ikajivuta na kujikaza juu ya wavu, hadi ngozi yenyewe inaanza kuubeba mwili. Naliita umbo hili ganda bebaji: waya ulioanza kama mhimili umeishia kuwa rasimu iliyofunikwa na nakala safi.

Makunyanzi ya kiwiko na ya shina la mkonga yanathibitisha hoja hii. Mikunjo ambayo katika sanamu ya ndege ingekuwa dosari imeachwa kwa makusudi, na vipande vimesukumwa kwa vidole vikiwa vingali vibichi. Ngozi ya tembo huhifadhi maji na matope katika mikunjo kama hiyo ili mwili upoe, na rangi ya udongo mwekundu iliyopakwa kwa wepesi juu ya kijivu imetuama humo humo. Masikio ndiyo yanayoivunja mizani. Yamekatwa katika kadibodi, na mifuo yake iliyonyooka inajitokeza chini ya karatasi mahali ambapo macho yanatarajia mishipa inayotawanyika. Kamba nyembamba zilizobandikwa chini ya tabaka la mwisho zingeirudisha sehemu hii katika lugha ya mwili mzima.

Mtazamaji wa Nairobi ana kazi nyingine ya kulinganisha nayo: sanamu ya faibaglasi ya Ahmed, tembo wa Marsabit aliyepewa ulinzi kwa amri ya rais mwaka 1970 na kufa mwaka 1974, iliyoko katika Makumbusho ya Taifa. Faibaglasi kwa kawaida hutandazwa ndani ya kalibu, kwa hiyo sura ya nje huamuliwa kwanza na unene hufuata nyuma yake. Katika karatasi mpangilio ni kinyume: sura ya nje huja mwisho, ikiwa jumla ya maamuzi yote yaliyolala chini yake, na kosa la tabaka la pili husomeka katika tabaka la tano. Kwa hiyo mwalimu anayeitathmini kazi ya namna hii kwa kuuliza imefanana na tembo kiasi gani huwa amesoma maudhui na kuiacha fani; swali la haki ni kama kila tabaka lilijua litabeba nini.