Juu ya Magazeti ya Hadithi

Katika seminari ninayoikumbuka kulikuwa na sheria isiyoandikwa: gazeti la hadithi husomwa chini ya blanketi. Magazeti ya Dar es Salaam yalivuka ziwa Tanganyika mpaka Uvira, kisha yakapanda kwa kamio mpaka Bukavu, yamechanika na kunuka samaki. Tuliyatafuta kwa ajili ya hadithi moja, iliyokatwa kila juma mahali penye hatari, na chini yake neno «Itaendelea». Siku moja mkubwa mmoja aliyakuta, akayatia motoni. Mpaka leo sijui kama yule msichana wa hadithi aliokoka ao hakuokoka.

Padri yule hakukosa sababu. Hadithi za namna hiyo zimejaa damu, uchawi na wake za watu. Eric Shigongo, aliyetoa nyingi katika magazeti ya nyumba yake, Global Publishers, si mtu wa kunoa kila sentensi. Wema wake ni wema mno na wabaya wake ni wabaya mno. Lakini anajua jambo moja ambalo wahubiri wengi, nami nikiwemo, hatulijui: mahali pa kunyamaza.

Kosa letu ni kudhani kwamba gazeti la soko na gazeti la wasomi ni watu wasiosalimiana. Historia yasema vingine. Huko Marekani, mwaka 1896, Frank Munsey aligeuza gazeti lake Argosy kuwa la hadithi tupu, juu ya karatasi duni ya miti iliyosagwa, ili maskini aweze kulinunua. Mwaka 1920 Mencken na Nathan, wahariri wa gazeti la wasomi lililoitwa Smart Set, walikosa fedha. Wakafanya nini? Wakaanzisha gazeti la wauaji na wapelelezi, Black Mask, kusudi mapato yake yalishe lile jingine. Wao wenyewe walilidharau, wakaliuza baada ya miezi michache. Na katika gazeti hilo lililodharauliwa, Dashiell Hammett akatokea na kuwafundisha wengi kuandika Kiingereza kikavu, kisicho na mafuta. Hata Ulysses ya James Joyce, mwana wa shule za Wayezuiti, ilitoka kidogo kidogo katika Little Review tangu mwaka 1918, mpaka hukumu ya New York ya mwaka 1921 ilipoifunga njia. Basi hata kitabu hicho, ambacho maprofesa hukitaja kwa sauti ya chini, kilikuwa na «Itaendelea» yake.

Kwetu Afrika ni vilevile. Drum ya Afrika ya Kusini, iliyoanza mwaka 1951, ilitia picha za wasichana na habari za majambazi, na katikati yake hadithi fupi za Can Themba na Es'kia Mphahlele. Mphahlele huyo, mhariri wa hadithi hizo, alikwenda Nigeria akasaidia kuongoza Black Orpheus, gazeti la wasomi. Mtu mmoja, kalamu moja. Transition, aliyoianzisha Rajat Neogy mjini Kampala mwaka 1961, ilikuwa na akili nyingi kuliko hayo yote. Lakini mwaka 1967 ikajulikana kwamba sehemu ya fedha zake ilitoka kwa wapelelezi wa Marekani, kwa kupitia shirika la utamaduni, na Neogy mwenyewe hakuwa na habari. Gazeti la soko, pamoja na uchafu wake, angalau tunajua anayelilipa: ni msomaji.

Na Kongo? La Voix du Congolais ilitoka Léopoldville tangu mwaka 1945 mpaka 1959, chini ya uongozi wa Antoine-Roger Bolamba, mshairi. Ilikuwa gazeti la serikali ya Wabelgiji, tena la Kifaransa. Mkulima wa Kabare hakuwa na la kusoma humo. Mambo Leo ya Dar es Salaam nayo ilikuwa ya serikali ya kikoloni, tangu mwaka 1923, lakini ilisema Kiswahili, na watu wa kawaida wakaleta mashairi na masimulizi yao. Muhammed Said Abdulla wa Unguja, aliyeshinda mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958 kwa Mzimu wa Watu wa Kale, alikuwa kwanza mtu wa magazeti.

Kiswahili cha Kivu kimepewa katekisimu, nyimbo na mahubiri. Hadithi zake zinasimuliwa kila jioni Kadutu na bandarini, wala hazina karatasi. Wenzangu wengine husema kwamba seminari si mahali pa kuzitafutia karatasi hiyo. Mimi nawauliza: ni nani mwingine hapa mwenye mashini ya kuchapa, wasomaji wa parokia zote, na watu waliofunzwa kusahihisha?

Katika meza yangu liko daftari la katekista mmoja wa upande wa Kalehe. Ni hadithi ya mtumbwi uliojaa makala, usiku, na mwanamke mwenye siri. Katekista huyu anarudiarudia maneno, na majina ya watu yanabadilika kutoka ukurasa hadi ukurasa. Juma lililopita nilimaliza sehemu ya kwanza, inayokatika pale taa inapozimika katikati ya ziwa. Nimemwandikia alete ya pili.