Swali Lenye Anwani

Yuko mhadhiri mmoja wa jiografia, mtu mzima sasa, ambaye nilipata kumtazama akisoma andiko la utafiti la mwanafunzi wa mwaka wa tatu. Kichwa chake kilikuwa kirefu: athari za mabadiliko ya tabianchi kwa maisha ya wananchi wa Tanzania. Hakufungua ukurasa wa pili. Alibaki palepale juu, akipigia mstari neno moja baada ya jingine. "Athari zipi, mwanangu? Wananchi gani, wa Pangani au wa Kishapu? Tangu lini?" Kijana alijibu kwa sauti ya chini, na kila alipojibu kichwa kile kilipungua. Walipomaliza kilikuwa kimebaki na kata moja, zao moja na mvua za vuli. Mzee akafunika kalamu yake. "Sasa una swali, Mwalimu mtarajiwa. Lile la mwanzo lilikuwa hotuba."

Wengi wanaosoma kozi ya usanifu wa utafiti huiona kama kizingiti tu cha kurukwa ili waende uwandani. Mimi naiona kuwa ndiyo jiografia yenyewe. Kinachodaiwa kwa mwanafunzi si kingi. Aje na swali ambalo mahali alipopachagua panaweza kulijibu, tena aseme kabla hajaondoka ni jibu gani likipatikana litamwonyesha kwamba alikuwa amekosea. Hilo la pili ndilo linalowatoa jasho.

Mfano wa kazi iliyosanifiwa vizuri tunao hapahapa nyumbani. Februari 1970 mvua kubwa ilinyesha Mgeta, upande wa magharibi wa milima ya Uluguru, na kwa saa chache tu miteremko ikaporomoka mahali zaidi ya 1,000. Kila mtu angeweza kusimama barabarani na kutangaza kuwa watu wamekata miti. Paul Temple na Anders Rapp, waliochapisha utafiti wao mwaka 1972, walifanya kazi ya kuchosha zaidi: waliyahesabu makovu yale na kuangalia yalianzia wapi, shambani, kwenye majani ya shamba lililopumzishwa, au msituni. Karibu yote yalianzia mashambani na kwenye majani. Ya msituni yalikuwa machache mno.

Kinachonivutia ni kwamba hesabu ile ingeweza kutoka kinyume. Kama msitu nao ungekuwa umechanika sawasawa na mashamba, mahubiri yote ya miti yangeanguka siku hiyo. Waliuliza wakiwa tayari kuambiwa hapana. Na mwalimu mzuri hakuachi ushangilie hata hapo. Atakuuliza kama msituni kulinyesha mvua ileile, kama mteremko wa huko una ukali uleule, kama udongo una kina kilekile. Usimdhanie mkorofi. Anakufundisha kulizungushia jibu lako ua kabla mpita njia hajaingia.

Ufundi huu una sehemu nyingine isiyosimuliwa sana, nayo ni kuchagua watu wa kuwauliza. Kitabuni ni mstari mmoja tu: chukua orodha ya kaya, chagua kila ya kumi. Kijijini orodha hiyo ni daftari la kurasa zilizokunjika pembe, lipo kwa balozi au kwa mwenyekiti wa kitongoji, na majina yake yameandikwa kwa kalamu za rangi tofauti kwa miaka tofauti. Humo wamo waliokwisha kuhama. Hayumo mjane aliyerudi kuishi kwa kaka yake, wala mpangaji wa chumba cha nyuma, wala mfugaji aliyefika baada ya mavuno. Mwanafunzi aliyefundwa huketi na mwenye daftari, wakapitia jina kwa jina, na swali lake kubwa huwa: nani anaishi hapa na hayumo humu? Asiyefundwa hufuata barabara, akaishia kuzungumza na wenye maduka. Robert Chambers aliandika mwaka 1983 jinsi wageni wa vijijini wanavyowaona walio kando ya lami, wanaume kuliko wanawake, tena wakati wa kiangazi njia zinapopitika. Wenye njaa ya masika hawaonekani.

Tulikuwa na mazingira ya kulea ufundi huu. Chuo kilichoanzia mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, mwaka 1961 kilihamia Mlimani mwaka 1964, na mwaka 1967 ikaanzishwa pale ofisi ya utafiti wa rasilimali na matumizi ya ardhi, iliyojulikana kwa kifupi kama BRALUP. Kutoka mikononi mwa kizazi kile, chini ya uhariri wa Len Berry, kilitoka mwaka 1971 kitabu cha ramani za Tanzania. Nchi ilikuwa changa, ikitaka kujijua ilivyo.

Siku hizi andiko la mwaka jana hubadilishwa jina la wilaya likawa jipya. Sura ya mapitio huandikwa na akili mnemba usiku mmoja. Dodoso hutumwa kwenye makundi ya simu, likajibiwa na wenye simu na bando, kisha majibu hayo yakaitwa maoni ya wakulima. Ramani inayopendeza hutolewa na kompyuta kwa dakika chache, na hakuna anayeuliza mpaka wa kata uliochorwa pale una maana gani kwa maji yanayotiririka bila kujua kata. Sikatai mashine. Nasikitikia wasimamizi wenye wanafunzi wengi kuliko saa za wiki, ambao hawana tena mchana mzima wa kuukalia mstari mmoja.

Kuuliza si ujinga, ndivyo tulivyolelewa. Ila kuna kuuliza kwa kupoteza muda wa watu, na vijiji vyetu vimeshaulizwa hivyo mara nyingi, pasipo hata kurudishiwa matokeo. Mkulima anayeegesha jembe ili amjibu mwanafunzi anastahili walau swali ambalo muulizaji mwenyewe hana jibu lake mfukoni.