Mshipa Upi wa Paja?

Tafsiri moja ya maelekezo ya huduma ya kwanza iliyotufikia yaagiza kwamba majeruhi avujaye damu pajani "abanwe mshipa wa kinena". Mshipa upi? Chini kidogo ya mkunjo wa kinena, kutoka nje kuelekea ndani, zimepangana neva, ateri na vena. Na kando ya vena upo mwanya ambamo utumbo huweza kujipenyeza ukawa ngiri, maradhi ambayo wengi huyaita vilevile mshipa. Vitu vinne, jina moja!

Huko Tunduma, mkoani Songwe, ambako malori ya barabara kuu iendayo Zambia hupita mjini, suala hili si la wanaisimu peke yao. Ateri hiyo ikikatika, mtu aweza kufa kwa dakika chache. Ikibanwa barabara juu ya mfupa wa nyonga, damu hupungua.

Watetezi wa "mshipa" husema ateri ni neno la kigeni. (Na "damu" je, ambalo asili yake ni Kiarabu?) Kwa maoni yetu, mshipa libaki neno la jumla, mfasiri aandike "ateri ya paja", kisha amfafanulie asiye mganga: mshipa ule udundao chini ya kidole.